Ndege yangu ina nyuzi 12, 24 au 156?

"Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, nimemaliza kidato cha nne. Natengeneza ndege za kurusha kwa mkono kwa zile sponji nyeupe zinazokuja ndani ya maboksi ya tivii. Ya kwanza mabawa yake yalilala sawasawa. Nikiirusha huenda vizuri kidogo, halafu hulala ubavu, ikazunguka mpaka ikapiga chini. Ya pili nimeyarudisha mabawa nyuma nyuzi 30 kama ya Boeing, na nimeyainua juu. Hii haianguki ubavu, lakini inayumba kushoto kulia kama bata anayetembea. Tabu yangu nyingine ni ya hesabu. Nikiweka kipimapembe kukata kiwiliwili cha ndege napata nyuzi 12 kila bawa. Nikikiweka kufuata ukingo wa mbele wa bawa napata kama 10 na nusu. Rafiki yangu anasema zote si kweli, pembe baina ya mabapa mawili ni 168. Tena anasema nisihangaike na mabawa, nifunge jiwe chini ya tumbo, litaizuia ndege isipinduke. Na kwamba bawa lililoinuliwa linasaidia kwa sababu ndege ikilala ubavu, bawa la chini ndilo linalokuwa sawa na ardhi, kwa hivyo linainua zaidi. Lakini nilipopanda ndege ndogo kuja Unguja niliona mabawa yako juu ya kichwa changu na yamenyooka kama ubao. Nani mkweli?"

Wa alaykumus-salaam, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikaenda nayo mezani, nikakata boksi la viatu, nikakunja bawa kama lako ili nione unachokiona.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Kipimapembe chako hakina kasoro na mkono wako haukuteleza. Nyuzi 12 ni kweli, na 10 na nusu ni kweli vilevile. Kila moja inajibu suali lake. Hiyo 168 ndiyo iliyopotea njia, na nitakuonyesha imepotelea wapi. Ama hilo la bawa la chini kuwa sawa na ardhi, rafiki yako si wa kulaumiwa, kwani nimelikuta mara nyingi, hata kwa watu wanaofundisha. Kuwa bawa la chini ndilo linaloinua zaidi amesema sawa, sababu ndiyo aliyokosea. Na kwa mtu anayetaka kutengeneza ndege, sababu ndiyo kila kitu.

Tuanze na pembe. Bila shaka umewahi kukaa chuoni mbele ya marufaa, kile kiweko cha kusomea msahafu. Yatazame yakiwa matupu, msahafu umewekwa pahala pake. Ni mbao mbili zilizopishana. Kila ubao ni bapa, na mahali zinapokutana ni mstari mmoja tu, ndio mstari wa makutano. Sasa mtu akikuuliza mbao hizi zimefunguka kiasi gani, utapima wapi? Ukikisimamisha kipimapembe ubavuni, kikaukata mstari wa makutano kwa pembemraba, unapata jibu, na ukikisogeza mbele au nyuma jibu ni lile lile. Ukikipinda kidogo tu, jibu linabadilika, na kila mpindo una jibu lake. Ndiyo sababu mwalimu wako alikuambia uchague nukta kwenye mstari wa makutano, utoe mstari ndani ya bapa la kwanza uliosimama kwa pembemraba juu ya makutano, utoe na mwingine kama huo ndani ya bapa la pili, kisha upime baina ya hiyo miwili. Wanafunzi wengi huona ni sharti la mtihani tu. Lakini ndilo linalofanya mtu wa Wete na mtu wa Makunduchi wapime marufaa yale yale, wakapata jibu moja.

Ukitaka kuona kosa linavyoweza kuwa kubwa, tengeneza mchemraba wa karatasi, pande zote sawa. Nyuso mbili zinazopakana zimekutana kwa nyuzi 90, hapana mjadala. Sasa shika kona moja, na kutoka hapo chora mstari wa kona kwa kona kwenye uso wa kwanza, halafu mwingine kwenye uso wa pili. Pembe baina ya mistari hiyo miwili ni ngapi? Unganisha ncha zake na utaona mstari wa tatu ni wa kona kwa kona pia, wa uso wa tatu. Mistari mitatu yenye urefu mmoja ni pembetatu yenye pande sawa, kwa hivyo pembe ni nyuzi 60. Nyuso zile zile zilizokutana kwa 90 zimetoa 60, kwa sababu mistari imeteremka mshazari, nyuzi 45 kutoka kwenye makutano badala ya 90.

Hilo ndilo lililokupata wewe kwenye bawa. Mstari wa makutano wa mabawa yako ni ule unaopita katikati ya kiwiliwili, kutoka puani kwenda mkiani. Mabawa umeyarudisha nyuma nyuzi 30, kwa hivyo ukingo wa mbele unafanya nyuzi 60 na mstari huo, si 90. Ulipofuata ukingo, ulipanda mshazari. Wewe ni mtu wa Pemba, kisiwa cha vilima na mabonde ya mpunga. Mtu akitoka bondeni akapanda kilima moja kwa moja, anahema. Mwenzake akikipanda kilima hicho hicho kwa kukata mshazari, njia yake ni ndefu na mwinuko wa kila hatua ni mdogo. Kilima hakikubadilika. Kwa hesabu, saini (ile sin ya kwenye kikokotoo) ya mwinuko wa ukingo ni saini ya 12 mara saini ya 60. Saini ya 12 ni 0.2079, saini ya 60 ni 0.8660, ukizidisha unapata 0.1800, na pembe yenye saini hiyo ni nyuzi 10.4. Umepima kwa kipimapembe cha skuli juu ya sponji ukapata 10 na nusu. Nimefurahi sana kuona namba hiyo, kwa sababu inaonyesha umepima kwa uaminifu na hukuilazimisha ifanane na ile ya kwanza.

Sasa 168. Rafiki yako amechukua 180 akatoa 12. Angekuwa sahihi kama bawa moja limeinuliwa na la pili limelala. Lakini umeinua yote mawili, kila moja 12, basi unatoa 24, na pembe iliyo baina yao kwa juu ni 156. Kwenye mtihani, wakisema tu "pembe baina ya mabapa mawili" bila kutaja upande, huchukuliwa ile ndogo, yaani 24. Chukua vijiti viwili vya mishikaki, chomeka kimoja katikati ya kila bawa kisimame kwa pembemraba juu yake. Vitaegemeana kwa juu kama watu wawili wanaonong'ona. Pembe baina ya vijiti hivyo ni 24 kamili. Ukiendelea mbele na hesabu za vekta, utaona hesabu ya mabapa hufanywa kwa vijiti hivi hivi: huyatazami mabapa yenyewe, unatazama vinavyosimama juu yake.

Watu wa ndege nao wana desturi yao. Wao hutaja nyuzi 12, mwinuko wa bawa moja kutoka kwenye mlalo, ukipimwa kwa kukata kiwiliwili. Huuita dihedrali, neno lililotoka Kigiriki, maana yake "yenye nyuso mbili", na ndilo neno hilo hilo la wanahisabati kwa pembe baina ya mabapa. Neno ni moja na vipimo ni viwili, ndiyo maana kijana akisoma kitabu cha hesabu asubuhi na cha ndege jioni hujiona amechanganyikiwa. Bawa linaloteremka badala ya kupanda huitwa anhedrali. Ukisoma mahali kwamba Boeing 737 ina dihedrali ya nyuzi 6, elewa ni 6 kila upande.

Tuje kwenye jambo zito. Kwa nini bawa lililoinuka linaisaidia ndege isilale ubavu?

Maelezo ya rafiki yako yangefaa kwa ngalawa. Ngalawa ikiinamia kushoto, mrengu wa kushoto, ile mbao ya ubavuni, unazama zaidi, na maji yanausukuma juu. Inawezekana kwa sababu kuna uso wa maji pale, na mrengu unauhisi: kilichozama kinasukumwa, kilicho juu hakisukumwi. Ndege haina uso kama huo. Imezungukwa na hewa juu, chini na kila upande, na hewa haijui ardhi ilipo. Bawa haliinui zaidi ati kwa kuwa linalingana na ardhi iliyo mita 1,000 chini yake. Bawa huinua kwa kadiri ya kasi ya hewa inayolipitia na pembe linayoikabili hewa hiyo. Kama ndege imelala ubavu na hewa bado inakuja moja kwa moja puani, mabawa yote mawili yanaona hewa ile ile kwa pembe ile ile, na yanainua sawasawa. Hakuna cha kuirudisha.

Lakini ndege iliyolala ubavu haikai hivyo muda mrefu. Nguvu ya kuinua husimama wima juu ya mabawa, si juu ya ardhi. Ndege ikiinama, nguvu hiyo nayo huinama, na sehemu yake inaivuta ndege upande ule ulioshuka. Ndege inaanza kuteleza ubavu, kama mtu anayetembea mbele huku mteremko unamvuta pembeni. Hapo ndipo upepo unaacha kuja puani moja kwa moja na kuanza kuja kutoka upande wa bawa la chini.

Chukua ndege yako uishike mbele ya uso wako, pua ikutazame. Jicho lako ndilo upepo. Ukiwa katikati kabisa unayaona mabawa mawili kwa namna moja. Sasa sogeza kichwa upande mmoja, bila kukiinua wala kukishusha. Tazama kwa makini: bawa lililo karibu nawe unaliona tumbo lake, na lile la mbali unaliona mgongo wake. Rudia mara tatu nne mpaka uone wazi. Upepo unaotoka ubavuni unapiga tumbo la bawa la karibu, ambalo ndilo lililoshuka, unaliinua. Na unapiga mgongo wa bawa la mbali, unalishusha. Ndege inarudi sawa. Mabawa yaliyonyooka hayana jambo hili, ukisogeza kichwa unaona ukingo tu pande zote mbili.

Kiasi chake unaweza kukikadiria. Badiliko la pembe linayoona kila bawa ni kama pembe ya kuteleza mara saini ya dihedrali. Ndege ikiteleza nyuzi 10, na dihedrali yako ni 12, unapata 10 mara 0.2079, takriban nyuzi 2. Tuseme mabawa yalikuwa yanaikabili hewa kwa nyuzi 4, kuhesabu kutoka pale bawa lisipoinua kitu. Bawa la chini sasa linaona 6, la juu linaona 2. Moja linabeba mara tatu ya mwenziwe! Kwa dihedrali ya nyuzi 5 badiliko ni chini ya nyuzi 1: 4.9 kwa 3.1. Bado linarudi, lakini kwa upole. Namba hizo mbili ziweke kichwani, kwani ugonjwa wa ndege yako ya pili umo humo.

Kabla ya ugonjwa, nikujibu la ndege ndogo uliyopanda. Ndege hizo zinazovuka baina ya Chake Chake na Unguja, nyingi zina mabawa juu ya kiwiliwili. Upepo wa ubavuni ukikipiga kiwiliwili, unagawanyika: mwingine unapita chini yake, mwingine unapanda kuruka juu. Ule unaopanda unakutana na shina la bawa la upande huo kwa chini na kulisukuma juu. Upande wa pili unateremka, unalikandamiza lile jingine. Yaani kiwiliwili chenyewe kinafanya kazi ya dihedrali. Bawa likiwa chini ya kiwiliwili mambo ni kinyume, na fundi hulazimika kuliinua zaidi ili kufidia. Linganisha ndege mbili za watu wanaojifunza urubani: Cessna 172, mabawa juu, ina nyuzi 1 na dakika 44 tu, yaani hazifiki nyuzi 2, Piper Cherokee, mabawa chini, ina nyuzi 7. Kwa hivyo bawa uliloliona limenyooka kama ubao lina mwinuko mdogo ambao macho hayaukamati ukiwa umekaa chini yake, na halihitaji zaidi ya huo.

Kurudisha mabawa nyuma nako kunaongeza. Ndege ya namna hiyo ikiteleza ubavu, bawa la upande wa upepo linaukabili upepo karibu na pembemraba, la pili linaupokea mshazari, na tofauti hiyo inainua lile la kwanza. Ndiyo maana ndege kubwa za mizigo zenye mabawa juu na yaliyorudi nyuma, kama Ilyushin Il-76, mabawa yake yameteremshwa. Zingekuwa na uthabiti wa ubavu kupita kiasi, ikabidi upunguzwe. Na ukiona picha ya Boeing 787 angani mabawa yamepinda juu kama upinde, usiipime pembe kwenye picha hiyo. Yale yametengenezwa kwa nyuzinyuzi za kaboni na yanapinda yakibeba uzito. Yakiwa ardhini yanashuka.

Basi ndege yako ya pili ina dihedrali ya 12, na juu yake umerudisha mabawa nyuma nyuzi 30. Hapo una dawa mbili za ugonjwa mmoja. Ikiteleza kidogo tu, mabawa yanairudisha kwa nguvu kubwa, inapitiliza, inateleza upande wa pili, inarudishwa tena. Wakati huo pua nayo inazunguka kushoto na kulia kwa kuchelewa kidogo nyuma ya mabawa. Hiyo ndiyo bata yako. Anayetakiwa kuituliza pua ni mkia wa wima, na kwa unavyoieleza nadhani ni mdogo.

Uthabiti wa ndege ubavuni ni mzani wenye sahani mbili, dihedrali sahani moja na mkia wa wima sahani nyingine. Dihedrali ikizidi, ndege inayumba. Mkia ukizidi na dihedrali ikapungua, ndege ikianza kulala pua inafuata haraka upande huo, mzunguko unabana na ndege inashuka kwa kujizungusha. Ndege yako ya kwanza ilikuwa kwenye sahani moja, ya pili imekwenda kukaa kwenye nyingine. Ndege kubwa za abiria nazo zinakumbana na kuyumba huko, na zina mtambo unaousogeza usukani wa mkia wenyewe kuutuliza. Kujizungusha kwa polepole hakuwasumbui sana marubani, kwani rubani anarekebisha kwa mkono kabla halijawa jambo. Ndege ya kurusha kwa mkono haina rubani, kwa hivyo inahitaji dihedrali nyingi kuliko ndege ya watu. Lakini si 12 juu ya mabawa yaliyorudi nyuma kiasi hicho.

Ningekuwa mimi, ningeanza na mkia. Ongeza eneo la mkia wa wima kwa thuluthi moja, bandika kipande cha sponji tu, urushe mara kumi. Usiguse kitu kingine siku hiyo. Ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua lipi limefanya kazi. Ikiwa bado inayumba, shusha dihedrali iwe 8, kisha 6. Njia nyingine ni kuacha kurudisha mabawa nyuma, uyanyooshe, na ubaki na dihedrali ya 8 hadi 10. Nitakuambia kweli: kwa kasi ya ndege ya mkono, kurudisha mabawa nyuma hakukupi faida yoyote. Boeing inafanya hivyo kwa sababu inakwenda karibu na kasi ya sauti. Lakini najua unataka ifanane na Boeing, na hilo nalo ni haki yako. Basi kubali kwamba dihedrali lazima ipungue.

Na kipimapembe kiweke kando, tumia rula. Laza bawa moja mezani, inua ncha ya la pili, upime kimo cha ncha kutoka mezani. Hapo unainua bawa moja kwa pembe ya yote mawili, kwa hivyo kwa dihedrali ya 8 zidisha urefu wa bawa kwa saini ya 16. Au, kama una kiwiliwili kilichosimama sawa, pima kimo cha kila ncha kutoka kwenye usawa wa shina. Bawa lenye sentimita 40 kwa 12 linapanda sentimita 8.3, kwa 8 linapanda 5.6, kwa 6 linapanda 4.2. Hizo 40 zihesabu kwa kukata kiwiliwili kwa pembemraba, kabla ya kuliinua bawa. Ukifuata ukingo wa mbele, utarudi kwenye kosa la 10 na nusu. Na unapokata shina la bawa ili ligande vizuri, kila shina lipunguzwe mshazari kwa pembe ya dihedrali ile ile, la sivyo gundi itabaki na nafasi upande mmoja, na bawa litashuka siku ya pili.

La jiwe. Uzito wa ndege unapita kwenye kitovu chake cha uzito, na ndege angani huzunguka kwenye kitovu hicho hicho. Nguvu inayopita kwenye kitovu haiwezi kukizungusha chombo. Jiwe linaloning'inia linaonekana kama timazi ya mwashi kwa sababu timazi imefungwa kwenye msumari. Ndege haikufungwa popote. Ukilifunga chini ya tumbo utakuwa umeongeza uzito, umekishusha kitovu kidogo, na pengine umeishusha pua au mkia. Kuna mahali jiwe dogo linafaa: puani, kama ndege inainua pua, inasimama, halafu inaporomoka. Hilo ni suala la mbele na nyuma, halihusiani na kulala ubavu.

Kuna jambo hukuniambia, nami nalitaka. Ile ndege ya kwanza ilikuwa inalala upande mmoja kila mara, au leo kushoto kesho kulia? Kama ni upande mmoja tu, dihedrali inaweza isiwe na hatia kabisa. Sponji hujipinda ikikaa juani, na bawa lililojipinda kwenye ukingo wa nyuma hata milimita 2 linatosha kuizungusha ndege. Shika ndege mkiani, funga jicho moja, utazame kufuata ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto, kisha la kulia. Yanapaswa kuonekana pacha. Wanafunzi wangu wengi wamepoteza wiki nzima kwenye hesabu za pembe wakati tatizo lilikuwa bawa lililoachwa dirishani.

Usije ukadhani pia kuwa dihedrali ni baraka tupu, ikizidi ndiyo bora. Mwingereza George Cayley aliandika juu ya mabawa yaliyoinuka kwa ajili ya uthabiti tangu mwaka 1810. Hata hivyo ndugu Wright, wale Wamarekani walioanza kurusha ndege ya injini, mwaka 1903 waliyateremsha mabawa yao kidogo kwa makusudi, kwa sababu dihedrali inayorudisha ndege ikiteleza ndiyo hiyo hiyo inayoipindua ukija upepo wa ghafla ubavuni. Walilipia hilo: ndege yao ilimtaka rubani asiache kuirekebisha hata kidogo. Wewe utaiona hali hiyo msimu wa kusi. Rusha ndege ya nyuzi 12 kwa kukatiza upepo, uone bawa la upande wa upepo linavyorushwa juu. Kwa hiyo majaribio yako yafanye asubuhi mapema kabla upepo haujashika, na urushe kuelekea upepo unakotoka.

Pahala pazuri ni pwani yenye mchanga wakati maji yamekupwa, mbali na watu na mbali kabisa na uwanja wa ndege. Siku utakapotaka kuweka mota, betri na rimoti, simama kwanza. Chombo hicho si mchezo wa mkono tena, kina sheria zake, na wa kuuliza ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya kukirusha. Betri za lithiamu nazo zinaweza kushika moto zikichajiwa vibaya, basi mara ya kwanza chaji mbele ya fundi wa umeme anayezijua.

Kuhusu hesabu, yapo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kama bado unachanganyikiwa ukipewa piramidi na kuambiwa utafute pembe baina ya uso wa ubavuni na kitako, nenda kwa mwalimu wako wa hesabu na piramidi ya karatasi mkononi, si na daftari tupu. Mwombe akuonyeshe kwa kidole mstari wa makutano uko wapi. Ukishauona, kazi iliyobaki ni pembetatu moja yenye pembemraba. Na kama nia yako ni kufanya ufundi wa ndege kuwa kazi, ukija Unguja pita Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume kule Mbweni, na ukifika Dar es Salaam uliza Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Uliza mwenyewe masharti ya mwaka huo, usitegemee ya kuambiwa. Beba na ndege zako zote mbili, hasa ile iliyoanguka.

Mkia mpya ukishakauka gundi, rusha mara kumi uandike kila mara imekwenda upande gani na imeyumba mara ngapi kabla ya kutua. Niletee karatasi hiyo pamoja na kimo cha kila ncha kwa rula, kushoto na kulia, tuendelee kutoka hapo.